Nyuzi Joto Arobaini na Tatu

Zuhura alizikwa Ijumaa baada ya swala ya mchana. Nilisimama pembeni ya makaburi na wanaume wengine wachache wasio Waislamu, viatu vyangu vya Dar vimejaa vumbi, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mzee mwenye mvi na koti hudhaniwa kila mahali kwamba ana sababu ya kuwepo. Nilikuwa nayo, ila haikuwa ile waliyoidhania. Kumbukumbu hizi nimekuwa nikiziandika tangu nistaafu ualimu, na kila nilipofika kwenye mwaka ule wa Moshi niliuruka, nikaandika habari za masomo ya ng'ambo, za ndoa, za wanafunzi wangu, nikijiambia kwamba huu nitaurudia nikipata nafasi. Nafasi nimekuwa nayo miaka yote. Kilichokosekana ni kitu kingine, na mtu aliyestahili kuyasikia haya wamemfukia mbele ya macho yangu.

Habari za ukoo wetu hazina kazi hapa. Inatosha kusema kwetu ni Kibosho, kwenye kahawa na migomba, na kwamba katikati ya miaka ya tisini, nikiwa nimetoka chuo kikuu na cheti kisichokuwa na mnunuzi, nilipata kazi kwenye maabara ndogo ya utafiti mjini Moshi. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya hospitali ambayo sitaitaja, na kabla yetu kilikuwa stoo ya mashuka. Harufu ya sabuni ya mche haikuwahi kukitoka. Meza ilikuwa ya mninga, nzito kiasi kwamba waliotupisha chumba waliiacha tu, na juu yake kulikuwa na hadubini, taa ya spiriti na makopo ya maziwa ya unga tuliyowekea vijiti vya kupandia bakteria. Pembeni lilisimama friji, na pembeni ya friji ilisimama inkubeta, yaani kabati la joto, la bati lililopakwa rangi ya maziwa, lenye rafu tatu. Umeme uliingia chini. Kifaa cha kurekebisha joto kilikuwa ukutani mwa kabati, usawa wa rafu ya kati, na kipimajoto kilining'inia hapo hapo. Nayaeleza haya kwa makini kwa sababu kila kitu kilichotokea kilitokea ndani ya kabati lile.

Mwenye maabara alikuwa Dakta Aminieli, mtu mfupi aliyevaa sweta hata mwezi wa pili, aliyekaa Ulaya miaka mingi akarudi na masanduku ya vitabu na ubishi mwingi. Alituajiri wawili: mimi, na Zuhura, msichana wa mjini wa rika langu, aliyesomea ufundi wa maabara na aliyekaa na mama yake mtaa wa Njoro. Mama yake alikaanga vitumbua, na kila asubuhi Zuhura aliingia na kopo lenye vitumbua sita. Mimi nilileta kiburu kutoka nyumbani kila Jumatatu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, nacho alikula akilalamika kwamba sisi watu wa mlimani hatujui chumvi. Tulikula saa nne, kwenye ngazi ya nyuma, kwa sababu Dakta alikataza chakula ndani. "Bakteria wenyewe ni walafi," alisema. "Msiwaonjeshe." Katazo hilo nililijua vizuri kuliko amri zote za kanisani.

Tulichochunguza kilitokana na swali moja alilotuuliza siku ya kwanza. Mgonjwa wa homa ya matumbo anachemka mwili mzima, na bakteria aliyemo ndani yake anachemka naye. Mbona yeye hafi? Jibu lake ndilo lililokuwa kazi yetu. Ndani ya bakteria, kama ndani yetu, protini ni nyuzi ndefu ambazo hazina faida mpaka zijikunje kwa umbo lake sahihi. Joto likizidi zinajikunjua, zinashikana ovyo, zinakuwa kama ute wa yai uliokwisha kuiva. Lakini zipo protini nyingine ambazo Dakta aliziita walezi. Mlezi huishika protini iliyolegea, akaizuia isinase kwenye wenzake, kisha akaiachia ijikunje upya. Na mlezi huyo, peke yake, hana akili. Anao wasaidizi wawili wanaomwongoza. Wa kwanza humletea protini iliyoharibika na kumfanya aibane sawasawa. Wa pili humfanya afumbue mkono na kuiachia. Bila wa kwanza mlezi hashiki ipasavyo. Bila wa pili anashika asiachie, na protini iliyoshikwa milele ni sawa na iliyokufa.

Mimi nililielewa hili kwa michoro. Zuhura alilielewa siku hiyo hiyo, akiwa amekaa kwenye ngazi na kitumbua mkononi. "Ni kumvalisha mtoto shati," alisema. "Mmoja anamkimbiza mtoto anamleta. Mama anambana magotini, la sivyo atatoroka mkono mmoja uko nje. Halafu lazima awepo wa kumwambia mama, haya basi, amekwisha kuvaa, mwachie." Dakta alikuwa nyuma yetu mlangoni, hatukujua. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaketi nasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatueleza habari ya kengele. Ipo protini, alisema, kazi yake ni kupiga kengele ya joto ili bakteria atengeneze walezi wengi zaidi. Siku za kawaida mlezi na wasaidizi wake hawana shughuli nyingi, basi humkamata yule mpiga kengele na kumpeleka akavunjwevunjwe. Joto likija wote wanakimbilia majeruhi, mpiga kengele anaachwa huru, anapiga. Walezi wanaongezeka, kazi inapungua, wanamkamata tena. "Kwa hiyo anajua kuna joto kwa kuona wahudumu wamezidiwa," alisema Zuhura, na Dakta alimtazama kwa namna ambayo mimi sikuwahi kutazamwa naye.

Mwisho wa mwaka ule mmoja wetu angepelekwa kwenye chuo alichosoma Dakta, miaka miwili, akajifunze kazi hii kwa undani. Nafasi ilikuwa moja. Dakta hakusema itakuwa ya nani na hakukuwa na haja. Mimi nilikuwa na shahada, Zuhura alikuwa na mikono. Sijawahi tena kuona mikono kama ile: alipanda bakteria kwenye sahani kwa mistari iliyonyooka kama mshono wa cherehani, na katika miezi mitano hakuwahi kuharibu hata sahani moja. Niseme ukweli, sikumwonea wivu sana wakati ule. Nilikuwa nimeshakubali. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi nikilifikiria sasa, kwamba hata tamaa kubwa sikuwa nayo.

Jaribio kuu lilikuwa rahisi kulitazama. Kwenye sahani moja, nusu ya kulia alipanda bakteria wazima, nusu ya kushoto bakteria ambao msaidizi wa kwanza ameharibika. Kwenye nyuzi joto thelathini wote waliota. Kwenye arobaini na tatu kulia kulijaa na kushoto kukabaki kweupe, kwa sababu bila msaidizi mlezi alishindwa na joto. Zuhura alikuwa amelirudia mara tisa bila kukosea. Dakta alitaka mara ya kumi, apige picha, aiambatanishe na ripoti na barua ya kumwombea nafasi. Sahani zilipandwa Ijumaa kabla ya saa sita. Zuhura alinikabidhi nizipange kwenye inkubeta, kwa kuwa zamu ya Jumamosi na Jumapili ilikuwa yangu, akajifunga mtandio akaondoka.

Sasa nieleze habari ya ndizi. Ilikuwa mwezi wa sita, na aliyewahi kukaa Kibosho mwezi wa sita anajua ukungu unavyoshuka mpaka mlangoni na nguo zikakaa siku nne kambani. Ndugu yangu Prosper alikuwa anaoa, na Jumamosi ya wiki iliyofuata tulitakiwa kupeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wakwe. Mbege inataka ndizi zilizoiva kwa ulaini, zichemshwe, zikae siku kadhaa, ndipo uingie uji wa ulezi uliooteshwa. Zamani zingepandishwa kwenye dari ya jiko, juu ya moto, zikaiva kwa moshi. Lakini mwaka uliotangulia walikuja wanunuzi binafsi wa kahawa mpaka shambani, wakalipa papo hapo, na mama akabomoa jiko la zamani akajenga la matofali na mabati, safi, lisilo na dari. Ndizi zikakaa kwenye gunia, kijani, ngumu kama kuni.

"Nitawapa wakwe nini mimi?" mama aliniambia, akibinya chane moja baada ya nyingine. "Soda?"

"Si wapo wenye dari, mama. Uwaombe."

"Niwaombe dari? Wajue nimebomoa jiko nikashindwa kuivisha ndizi? Huko mjini si kuna joto? Chukua hizi, mbe, uziweke hata chini ya kitanda. Jumapili unirudishie."

Nilizichukua. Chumba changu cha kupanga hakikuwa na joto lolote, kilikuwa kinatazama ukuta. Na Ijumaa ile, nikiwa nimeshika sahani za Zuhura mbele ya inkubeta iliyo wazi, joto lake likinipiga usoni, niliona dari ya jiko la mama. Sijui nieleze vipi. Mtu wa pwani asingeiona, wala mtu wa Ulaya. Mimi niliona mahali pa kuivishia ndizi. Nikaziweka sahani rafu ya juu, nikaleta gunia, nikalilaza rafu ya kati, nikalisukuma mpaka ukutani ili mlango ufunge. Chane nyingine sita zilibaki nje kwa kukosa nafasi. Jumapili alasiri nililitoa, nikafuta rafu, nikapanda nalo Kibosho. Kipimajoto kilisoma arobaini na tatu nilipofunga na kikasoma arobaini na tatu nilipofungua. Mama alizipokea akazinusa. Maganda yalikuwa meusi, nyama laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. "Hizi zimeivishwa na homa," alisema. "Aika, asante, lakini ulizifanya nini?"

Jumatatu asubuhi sahani zilitolewa. Kulia kumejaa. Kushoto nako kumejaa. Zote nne.

Dakta aliuliza kwanza habari ya umeme, maana mwaka ule mgao ulikuwa haueleweki. Daftari la hospitali lilionyesha haukukatika. Akauliza kama kuna mtu aliyefungua kabati. Nilisema hapana. Neno moja, na wakati nalitamka sikujua kwamba ni uongo wenye uzito. Nilidhani naficha kosa dogo la kuingiza chakula, nikaogopa kufokewa mbele ya Zuhura. Basi likabaki jambo moja tu: mpandaji amechovya kijiti kwenye chupa isiyo yenyewe, akapanda wazima pande zote mbili. Zuhura alizitazama zile sahani muda mrefu, akizigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Dakta aliniagiza mimi nirudie jaribio, kwa mikono yangu.

Nilirudia Jumanne. Jumatano kulia kulikuwa kumejaa na kushoto kweupe, safi kama kitabuni. Dakta alinipiga bega. Na hapo, nikiwa bado na bega la moto, ndipo nilipoelewa. Alhamisi, walipokwenda wote wawili kwenye kikao cha hospitali, nilikunja koti langu na magunia mawili matupu ya mahindi ya mlinzi, nikayajaza rafu ya kati, nikaweka kipimajoto cha pili rafu ya juu, nikafunga. Baada ya saa tatu nilifungua. Katikati, arobaini na tatu. Juu, thelathini na sita. Ndizi zilikuwa zimeziba njia ya joto; kifaa kilipima hewa ya moto iliyonaswa kwenye gunia, na bakteria wa Zuhura walikaa juu kwenye ubaridi, wakaota bila kumhitaji msaidizi yeyote. Mpaka siku ya mazishi sikuwahi kumwambia mtu kwamba nilipima. Nimemwambia mke wangu habari ya ndizi, kama kichekesho, lakini kwamba nilipima, nikasoma, nikaandika ile namba kwenye kipande cha karatasi na kukitia mfukoni, hilo sikumwambia hata yeye.

Nilikuwa nimekusudia kusema. Nilikaa kwenye meza ya mninga nikiwasubiri. Walirudi, wakaingia moja kwa moja kwenye kijiofisi cha Dakta, kilichotengwa na ubao mwembamba tu, na nikasikia kila neno.

"Sikulaumu," Dakta alisema. "Kila mtu huchanganya chupa siku moja. Nataka tu uniambie, ili niandike sababu. Nikiandika sababu, barua yako bado inaweza kwenda."

Kisha sauti ya Zuhura, ya chini. "Sikumbuki kuchanganya, Dakta."

"Basi ilikuwaje?"

"Sijui. Nimefikiri siku tatu sijui." Nikasikia kiti kikisogea. "Labda ni mimi. Kama Anselimu amerudia ikatoka sawa, basi ni mimi. Labda mkono ulienda wenyewe."

"Mtu asiyejua alikosea wapi atakosea tena," Dakta alisema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kweli. "Siwezi kuitia sahihi hiyo barua, Zuhura."

Ubao ule ulikuwa na unene wa kidole. Ningeugonga tu. Nilijiambia nimwache atoke kwanza, asiaibike. Alipotoka nilijiambia nimwache apumzike. Kesho yake nilijiambia barua haijaenda, kuna muda. Jumamosi tulipeleka mbege kwa wakwe, wakaisifu kwa adabu na wakaacha nusu. Jumatatu Dakta aliniita akaniambia ataliweka jina langu kwenye barua. Nilisema, "Asante, Dakta." Hicho ndicho nilichosema.

Hakufukuzwa. Alibaki miezi mitatu, akiosha vyombo zaidi kuliko kupanda, na kila alipopanda aliniita nisimame karibu nihakikishe chupa. "Nisomee jina, Anselimu," alikuwa akisema. Nilimsomea. Vitumbua viliendelea kuja, sita, na aliniuliza habari za harusi ya Prosper kama kawaida. Hakuwahi kunishuku hata mara moja, ningependa angenishuku. Mwezi wa tisa aliacha kazi akasema mama yake anahitaji msaada. Mwezi wa kumi na mbili nilipanda ndege. Miaka miwili ile nilijifunza yote kuhusu wasaidizi wa walezi, nikarudi, nikayafundisha vyuoni Dar mpaka nikastaafu, na kila mwaka nilipofika kwenye somo hilo niliwasimulia wanafunzi mfano wa mtoto na shati. Walikuwa wakiupenda. Niliwaambia ni wangu.

Baada ya mazishi tulikaa chini ya turubai nje ya nyumba ya Njoro, pilau ikapita kwenye sinia. Binti yake, Salma, ndiye aliyenitumia ujumbe. Aliipata namba yangu kwa mtu wa hospitali. Alitoka kunisalimia akiwa amejitanda khanga, akanipa shikamoo, akanipeleka kwenye chumba cha mbele kilichokuwa duka la ushonaji la mama yake. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Ukutani kulikuwa na futi za kupimia, nyingi kuliko nilizowahi kuona kwa fundi mmoja.

"Alikuwa hakati kitambaa mpaka mtu mwingine apime tena," Salma alisema. "Tangu nikiwa mdogo. Nikitoka shule nakuta nguo kumi zinanisubiri mimi nipime. Wateja walikuwa wanamcheka. Alisema mkono wake una kasoro, unaenda wenyewe, aliiona ujanani akiwa kazini na nyie. Mimi nilitaka kusomea famasi, akanikatalia. Akasema dawa si kitambaa, na kasoro kama hizi huenda zinarithiwa."

Nilimwambia. Nilimwambia yote, inkubeta, gunia, thelathini na sita, ubao wa kidole kimoja. Nilizungumza nikiwa nimesimama na hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa kwenye kiti cha mama yake, akashika gurudumu la cherehani lakini hakulizungusha.

"Kwa hiyo hakuwa na kasoro," alisema.

"Hakuwa nayo. Sijaona mikono kama yake."

Hakulia na hakunifokea. Nje mtu alimwita awaletee wageni maji, akaitikia kwamba anakuja.

"Alikuwa anaongea vizuri tu mpaka Alhamisi asubuhi, baba," alisema. "Na alikuwa anasikia kila kitu. Nilipokutumia ule ujumbe kwamba anaumwa nilimwambia, akasema Anselimu atakuja. Ungefika hata Jumatano."

Nikamwambia kwamba Dar ni mbali. Akatikisa kichwa kwa upole, akanipa pole ya safari, akatoka kwenda kuwapa watu maji. Nilikuwa nimefika Moshi Jumatatu. Nilikuwa nimepanga chumba Rau, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwenye mlango ule, na Jumanne, Jumatano na Alhamisi nilikunywa chai nikavaa koti, nikaketi kitandani, nikajiambia kuna muda.